Betri Ndani ya Saa ya Reli

Wiki iliyopita niliwaacha bisibisi ya Fabian ikiwa imezama mgongoni mwa saa, na najua mlinichukia. Wapo walionitumia meseji za matusi ya kistaarabu, na msomaji mmoja wa Kongwa ameapa kwamba mwizi ni mzee wa watu. Tulieni. Mgongo wa saa ulifunguka, na ndani mlikuwa na betri.

Betri! Kaduara keupe kama kidonge cha kichwa.

Kwa aliyeingia leo, nakupokea haraka haraka maana hatuna muda. Restuta huuza saa za kale mtandaoni, na ukurasa wake umebeba maneno mawili tu juu kabisa: “Sijaifungua, siiuzi.” Watu wa Mwanza, Arusha, hata Nairobi hununua kwake bila kumwona kwa sababu ya maneno hayo. Saa iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mzee Bartolomayo wa Hombolo, dereva wa treni mstaafu ambaye siku hizi analima zabibu. Ni saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, ya enzi ambazo betri za saa zilikuwa hazijajulikana. Sasa saa ya ufunguo kukutwa na betri ni sawa na ng'ombe kukutwa na tairi.

Na mzee alimkabidhi Restuta bila karatasi wala shahidi. Alimwambia, “Nimekuamini, binti yangu,” akarudi kwenye mizabibu yake.

“Sista,” akasema taratibu Fabian, mnunuzi aliyedai ameshuka kwenye treni ya Dar es Salaam asubuhi hiyo, “hii nini?”

Restuta alikuwa ameifungua saa hiyo mwenyewe kule Hombolo, mbele ya mzee, akaipiga picha mashine yake ya ndani yenye namba yake, akaiweka mtandaoni. Mashine ilikuwa safi, ya kale, haijaguswa. Sasa pale pale, kwenye mgahawa wa Mama Mwamvua nyuma ya maduka ya nafaka ya Majengo, anaonyeshwa betri.

“Nakuuliza hii nini?”

“Sijui.”

“Hujui? Wewe si ndiye ‘sijaifungua, siiuzi’?”

Simu ya Fabian ilikuwa imesimamishwa kwenye chupa ya pilipili, jicho lake limewatazama wote wawili. Alikuwa anarekodi tangu mwanzo, na Restuta alikuwa hajaona.

“Umeniingiza mjini, sista. Mimi! Mtoto wa Kariakoo!” Akacheka, lakini macho hayakucheka. “Picha uliyorusha ina mashine ya kale. Saa uliyoniletea ina betri. Huo unaitwa utapeli wa mtandaoni, na polisi wana dawati lake.”

Restuta aliivuta saa karibu. Uso ulikuwa ule ule: rangi ya kuwaka gizani imegeuka njano kama samli, na pale kwenye namba tatu imebanduka kidogo. Ganda lilikuwa lile lile, na mkwaruzo wake wa pembeni. Lakini mishale haikuwa yenyewe. Na mshale wa sekunde, ambao Hombolo ulikuwa unateleza, hapa ulikuwa unaruka kama panzi.

Mtu ameifungua. Ameing'oa mashine, akatia ya betri, akafunika. Tangu jana hadi leo!

Na kosa ni la Restuta pia, tusimpambe. Jana mchana aliiviringisha saa kwenye kitambaa, akaiweka kabatini. Asubuhi akakibeba kitambaa kilivyo, hakukifungua. Maneno yake mwenyewe hakuyafuata.

“Mimi si mtu mbaya,” Fabian akaendelea. Alikuwa mnene kiasi, shati limepigwa pasi, na shingoni amening'iniza lenzi ndogo ya kukagulia saa. “Tumalizane kiutu uzima. Hilo ganda niachie, nikalifanye pambo, liwe pole ya safari. Mimi nafuta video. Hakuna polisi, hakuna mtandao, jina lako linabaki safi.”

“Saa si yangu. Siwezi kuigawa.”

“Basi video inaruka.”

“Nipe muda niulize kilichotokea.”

“Treni yangu ni ya mchana huu. Nakusubiri hapa hapa, ila saa iache.”

“Haitoki mkononi mwangu mpaka mwenyewe aseme,” Restuta akasema. Akaifunika saa, akaisokomeza kifuani ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mwanamume mwenye akili angethubutu kuifuata, akatoka nje mbio.

Jua la Majengo lilikuwa kali, na vumbi la magunia ya mtama lilimwingia puani. Akirudi Hombolo na ganda, kwa mzee yeye ni mwizi. Akibaki hapa, kwa Fabian yeye ni tapeli. Na huko mtandaoni, ambako jina lake ndilo duka lake, atakuwa vyote viwili kabla ya watu kumaliza chakula cha mchana.

Nani aliigusa saa? Nyumbani kwao Ihumwa wanaishi wawili tu, yeye na shangazi yake Edina aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Akapiga.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu! Haya, mgeni kafurahi?”

“Kafurahi nini, shangazi?”

“Saa si inatembea? Hukuona inavyotembea?”

“Shangazi... umeifanya nini ile saa?”

“Nimekutengenezea, nini tena! Jana ulipokwenda mazoezi ya kwaya nikasema nichungulie hicho kinachomtoa mtu Dar es Salaam. Nikaitikisa, kimya. Nikaiweka sikioni, kimya. Imekufa! Nikasema hapana, mgeni apande treni aje huku kwetu apewe maiti ya saa? Si watasema nyumba ya Edina haina watu? Nikaipeleka hapo Majengo kwa Stanley fundi.”

“Shangazi, haikufa! Haikutiwa ufunguo!”

“Ufunguo upi? Mimi sikuona kitasa.”

Restuta aliegemea ukuta wa duka la mchele. Alitaka kulia, kicheko kikamtoka badala yake, kicheko kibaya. Angemgombezaje? Shangazi Edina ndivyo alivyo: mgeni akija, vikombe vyenye ufa vinafichwa, kuku anayetaga anachinjwa, na saa iliyosimama inatembezwa kwa nguvu. Kwake yeye, kumpa mgeni kitu kibovu ni aibu ya ukoo mzima.

“Na vile vyuma vya ndani, shangazi? Vilivyotolewa?”

“Vile vichakavu? Nikamwachia fundi. Tena kijana muungwana, hata hela ya kazi hakutaka. Alisema vyuma vinamtosha.”

Vinamtosha! Hebu mwone shetani alivyovaa miwani ya fundi.

Restuta alikuwa hajavuka barabara simu ikaita. Kwenye kioo kulikuwa na jina alilokuwa analiogopa kuliko polisi: Mzee Bartolomayo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Binti yangu, nipo njiani, ndiyo tunapita Ihumwa sasa hivi. Nakuja.”

“Unakuja... mjini?”

“Nimelala nikiwaza. Kwetu, ng'ombe aliyeachwa na baba hauzwi kwa mtu ambaye hujamwona uso. Unaenda, unamwona, unaona na zizi lake, halafu moyo unatulia. Ile saa nimeivaa kwenye injini maisha yangu yote ya kazi. Nataka nimwone atakayeivaa. Mko wapi?”

Hapo, wasomaji wangu, ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu: “Mzee, saa imeharibika, njoo unisaidie.” Restuta hakuisema. Akajiambia akiipata mashine kabla mzee hajashuka kwenye gari, itakuwa kama hakuna kilichotokea. Wangapi kati yetu tumewahi kujiambia hivyo? Nyoosheni mikono.

“Tuko kwa Mama Mwamvua, Majengo,” akasema. “Karibu sana mzee.”

Akakata simu, akakimbia.

Stanley fundi hukaa kwenye kibaraza cha duka la vitenge, nyuma ya sanduku la kioo lililojaa saa, redio na rimoti zisizo na matumbo. Alikuwa amebana kioo kwenye jicho moja, akaliinua lile jicho jingine.

“Karibu dada. Saa, redio, rimoti?”

Restuta aliitoa saa kifuani, akaiweka juu ya sanduku.

“Ah, hii! Inatembea vizuri eeh? Hiyo mashine niliyokuwekea haihitaji kujazwa wala nini. Ni kuvaa tu.”

“Ya kwanza iko wapi?”

“Ya kwanza ipi?”

“Stanley, usinichezee. Mashine uliyoing'oa humu jana jioni.”

“Dada, mimi kwa siku nafungua saa nyingi. Kama mama alisema vyuma havina kazi, mimi—”

“Unajua saa hii ni ya nani?”

“Si ya mama yako yule wa Ihumwa?”

“Ni ya Mzee Bartolomayo. Dereva wa treni. Wa Hombolo.”

Kioo kilimdondoka Stanley jichoni, kikabiringika hadi kwenye rimoti.

“Mungu wangu,” akasema. “Yule ndiye aliyenisimamia ubatizo.”

“Basi ndiye uliyemwibia.”

“Sijaiba! Dada, naapa sijaiba! Mama aliniachia kwa mdomo wake.” Sauti ilikuwa imemshuka. “Niliona ni mashine nzuri, ya zamani, imekaa kama mpya. Nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la mafundi. Haikukaa hata kidogo, mtu akapiga. Akaja mwenyewe jana hiyo hiyo, jua halijazama, akaichukua.”

“Nani?”

Stanley alifuta kidole kwenye suruali, akafungua simu, akamgeuzia. Kulikuwa na picha ya mashine, na namba imesomeka wazi, namba ile ile aliyoirusha Restuta kwenye ukurasa wake. Chini yake mnunuzi aliandika: “Usimpe mtu mwingine. Hiyo namba naijua. Nipo Dodoma, nakuja sasa hivi.”

Restuta akaangalia picha ya aliyeandika. Miwani ya jua, shati lililopigwa pasi.

Fabian!

Fabian aliyemwambia ameshuka kwenye treni leo asubuhi. Fabian aliyejifanya kushtuka kwa betri, mkono kifuani, kana kwamba atazimia. Kumbe tangu jana anatembea na mashine mfukoni!

Hebu tufikirie pamoja, maana Restuta naye alikuwa anafikiri pale pale kibarazani, na mambo yakawa yanajipanga kichwani mwake. Mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, akafungua akakuta paka, anakimbia, anapiga kelele, anadai chake. Haombi aachiwe gunia. Sasa huyu bwana gunia alikuwa anataka la nini?

La kumrudishia mbuzi wake ndani, basi. Mashine peke yake ni chuma kizuri cha kuwekea kabatini. Ganda peke yake ni saa ya betri yenye uso wa kizee. Lakini ganda lile na mashine ile, namba kwa namba, ni saa kamili ya reli ambayo wapenzi wa saa za kale wangegombaniana. Na Fabian alitaka kuipata yote kwa vitisho na video.

“Nitumie hizo meseji,” Restuta akasema.

“Nakutumia sasa hivi dada, bando likikubali.”

“Na twende ukayaseme haya mbele yake. Mzee mwenyewe anakuja.”

“Mzee Bartolomayo? Anakuja hapa?”

“Yupo njiani.”

Stanley akalamba midomo. “Tangulia dada. Nafunga sanduku, nakuja nyuma yako.”

Nyie mliowahi kupeleka suti kwa fundi cherehani wiki ya harusi, mnaijua hiyo “tangulia, nakuja”. Lakini Restuta hakuwa na muda wa kumbishia. Aliondoka.

Alipoingia kwa Mama Mwamvua, Fabian alikuwa ameagiza ugali na mlenda, anamega kwa raha zake. Simu ilikuwa bado kwenye chupa ya pilipili. Mama Mwamvua mwenyewe, mwanamke wa miraba minne mwenye ushungi wa manjano, alikuwa kando ya mlango wa jiko anatwanga karanga kwenye kinu.

“Nilijua utarudi,” Fabian akasema. “Umeamua?”

“Zima simu kwanza.”

Fabian akatabasamu, akazima kamera. Alidhani ameshashinda, na anayedhani ameshashinda hahitaji shahidi.

“Ulifika Dodoma jana,” Restuta akasema.

Tonge lilisimama njiani.

“Mashine unayo. Umeinunua kwa Stanley. Uliijua namba yake kwa picha yangu, na leo umekaa hapa unanitolea macho.”

Mgahawa ulikuwa na watu wachache, na redio ilikuwa juu. Fabian aliweka tonge chini, akanawa vidole polepole, akajifuta kimoja kimoja.

“Haya,” akasema kwa sauti ya chini. “Sasa umejua. Halafu? Nimenunua kwa fundi, mchana kweupe, kwenye meza yake. Sijavunja nyumba ya mtu. Wewe ndiye umekuja kuniuzia saa yenye betri, na video ninayo. Nenda hapo polisi ukawaeleze hadithi ya shangazi na kitambaa. Watacheka mpaka walie.”

“Mwenye saa ni mzee wa watu!”

“Mwenye saa hajui lolote. Mimi nikipanda treni na mashine yangu, wewe unabaki na ganda. Bila mimi, sista, hiyo si saa.”

Restuta alimtazama. Hasira aliyoibeba tangu asubuhi, ya kutishwa, ya kurekodiwa, ya kuitwa tapeli na tapeli, ilimpanda mpaka masikioni.

“Na bila mimi?” akauliza.

“Bila wewe nini?”

“Bila mimi, wewe una nini?”

Hakusubiri jibu. Alikwenda hadi kwenye kinu, akamwambia Mama Mwamvua, “Niazime mchi, mama,” na kabla mama wa watu hajauliza, mchi ulikuwa mkononi mwake. Saa akaitumbukiza kwenye karanga.

“Wewe mtoto!” Mama Mwamvua akapiga kelele. “Karanga zangu!”

Fabian alisimama, kiti kikaanguka.

“Huthubutu.”

“Toa mashine.”

“Unatishia tu. Unapenda saa kuliko mimi, nimesoma ukurasa wako wote.”

“Toa mashine, Fabian, au leo utakula mlenda wenye saa ya Uswisi.”

Akainua mchi.

Niseme ukweli. Restuta mwenyewe hakujua kama angeuteremsha. Uso ule wa njano uliochungulia kati ya karanga ulimsikitikia, na yeye aliusikitikia. Lakini alijua jambo moja ambalo ni mwenzake wa biashara tu angelijua. Mpenda saa za kale anaweza kudanganya, anaweza kuiba, anaweza kumliza yatima. Kitu kimoja hawezi, nacho ni kusimama atazame uso halisi, usiopakwa rangi wala kuguswa, ukipondwa. Jasho lilikuwa limemtoka Fabian hadi kwenye mdomo wa juu. Macho yake hayakuwa kwa Restuta hata kidogo, yalikuwa kwenye kinu.

Mchi ulipanda zaidi.

“Moja,” Restuta akasema.

“Acha uwendawazimu!”

“Mbili.”

“Ngoja! Ngoja, sista, ngoja!” Mkono wa Fabian ulizama mfukoni, ukatoka na kikopo cha vidonge. Akakifungua, akakiinamisha. Juu ya pamba, mashine ililala iking'aa, na magurudumu yake madogo, na namba yake.

Restuta aliisoma namba kwa mbali, mchi ungali juu. Ilikuwa yenyewe! Machozi yalimlenga kwa furaha. Alikuwa ameshinda. Ilibaki kunyoosha mkono tu.

“Weka mezani,” akasema. “Na usogee nyuma.”

“Mbukwenyi,” sauti ya mzee ikasalimu kwa Kigogo kutoka mlangoni.

Restuta aligeuka. Mzee Bartolomayo alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, shati jeupe la Jumapili limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kumwona mtu atakayeivaa saa yake. Macho yake yalitoka kwa Restuta, yakapanda kwenye mchi ulioinuliwa, yakashuka kwenye kinu, yakaiona saa.

Fabian ndiye aliyezinduka kwanza. Kikopo kilipotea kwenye ngumi, ngumi ikapotea mfukoni, na tabasamu la adabu likamkaa usoni.

“Shikamoo mzee wangu! Afadhali umekuja. Mimi ndiye mnunuzi. Pole sana, mzee. Huyu binti ameng'oa mashine ya saa yako, akatia betri, aniuzie mimi feki. Nilipomgundua ndiyo akataka kuiponda, apoteze ushahidi.”

“Mwongo!” Restuta akapiga kelele. Mchi ulimtoka mkononi, ukaanguka sakafuni. “Mzee, ni mwongo! Mashine anayo yeye, mfukoni! Hii hapa, msachi!”

“Video hii hapa, mzee,” Fabian akasema kwa upole, akageuza simu. Na kweli mzee akaona: saa inafunguliwa, betri inatokea, Restuta ameduwaa. “Hii nini?” inauliza simu. “Sijui,” anajibu Restuta.

“Mzee, muulize Stanley fundi! Yule uliyemsimamia ubatizo! Anakuja sasa hivi, atakueleza yote!”

“Stanley?” Mzee alisema polepole. “Nimepishana naye pale kona. Amebeba sanduku lake, anapanda bodaboda. Nimemwita kwa jina lake la ubatizo, hakugeuka.”

Restuta akachungulia simu yake; meseji za Stanley hazikuwa zimeingia. Akamgeukia Mama Mwamvua. “Mama, wewe ulikuwepo! Sema ulichoona!”

Mama Mwamvua alikuwa mtu wa haki, asiyesema asichokijua. Redio ilikuwa juu, na yeye alikuwa anatwanga.

“Mimi walichokuwa wanagombea sikukisikia vizuri, na macho yangu yalikuwa kwenye mchi tu,” akasema, na alionekana kuumia. “Nilichoona, ulininyang'anya mchi ukataka kuiponda saa ya watu.”

Mzee Bartolomayo aliweka kofia mezani. Akainama juu ya kinu, akaitoa saa kwenye karanga kwa vidole viwili, akaifuta kwa shati lake jeupe la Jumapili, likachafuka, hakujali. Akaiweka sikioni.

Aliisikiliza. Ile sauti aliyokuwa anaisikia usiku wa Itigi na alfajiri ya Manyoni, injini ikiwa imesimama anasubiri ishara, hakuikuta. Alishusha saa, na uso wake ulikuwa umezeeka mara moja.

“Restuta.”

“Naam mzee.”

“Nilipokupigia tunapita Ihumwa, ulikuwa umeshajua saa yangu imefanywa nini?”

Angeweza kusema hapana. Neno moja tu, na nani angempinga? Fabian alikuwa anamtazama kwa hamu, kana kwamba naye anataka kujua. Restuta alimtazama mzee usoni, akashindwa kumdanganya mara ya pili.

“Nilikuwa najua, mzee.”

“Ukaniambia karibu sana.”

“Nilitaka kwanza niipate—”

“Ukaniambia karibu sana,” mzee akarudia. Hakupaza sauti, na heri angepaza.

Restuta akapiga magoti kwenye maganda ya karanga. Mzee Bartolomayo alimpita, akaenda hadi kwa Fabian, akamshika bega kama mtu anavyomshika mwanawe.

“Mwanangu,” akamwambia, “mimi simu hizi za kioo sizijui vizuri. Niitie polisi.”